Kukaa Chini ya Mti: Misimu ya Viumbe katika Shamba la Kale la Amani



Nilipoombwa kuja hapa niliambiwa nizungumzie utalii wa Amani. Nikajibu kwamba nitazungumzia Amani; utalii ukitaka utajitokeza wenyewe. Sikusema hivyo kwa kiburi. Nilisema kwa sababu safari yangu ya kwanza Amani ilikuwa ya kitalii kwelikweli, na sikuona kitu.

Nilikuwa darasa la sita. Tulipanda lori tukiwa zaidi ya arobaini, tukaimba tangu Muheza hadi sauti zikakauka. Tulipofika juu mwalimu akatushusha, akatupitisha chini ya miti mirefu, kisha akauliza tumeona nini. Kimya. Mwenzetu mmoja akapata ujasiri: "Mwalimu, wanyama wako wapi?" Mwalimu akatazama saa yake, akasema tukale. Tukala mihogo ya kuchemsha, tukarudi. Kwa miaka mingi baada ya siku ile nilikuwa nikimwambia kila aliyeniuliza kwamba Amani ni miti mitupu.

Sasa tazameni tulivyokwenda: saa saba mchana, jua kali la kaskazi, watu arobaini tunapiga kelele, na tukakaa kwa saa mbili tu. Hata nyumbani kwa mtu ukiingia hivyo, wenyeji watakimbilia uani.

Kwa wasiofika, Amani iko Usambara Mashariki, kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilifungua pale taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, mkuu wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Wakajenga nyumba kubwa na maabara, wakachonga barabara mlimani, na chini kule Zigi wakafikisha reli. Wakapanda kila walichodhani kitawaletea faida: mikwinini, mipira, viungo vya chakula, miti ya mbao kutoka pembe zote za dunia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa, shamba hili likageuka kiwanda. Lilitoa kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, likatoa sabuni, likatoa hata pombe kali. Baadaye wakaja Waingereza na utafiti wao wa kilimo, ambao ulihamishiwa Muguga nchini Kenya baada ya vita ya pili. Wakafuata watafiti wa malaria. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia Tanzania, hekta 8,380 pamoja na bustani yenyewe ya mimea. Historia hiyo mnaweza kuisoma kwenye kibao pale Zigi, katika jengo la stesheni ya zamani, sitakaa nayo.

Ninachotaka mkishike ni hiki: lile ni shamba lililofunguliwa ili mimea itii amri. Mimea mingi haikutii. Mikwinini imebaki hapa na pale kama wazee waliosahauliwa na wajukuu. Lakini kuna mti mmoja ambao ulitii kupita kiasi.

Mti huo ni msizi. Jina tumelichukua Uganda, nao kwao ni huko, na Kongo, na kandokando ya Ziwa Viktoria. Hapa Usambara ni mgeni. Ulipandwa Amani zama za Wajerumani, na baadaye ukapandwa kwa wingi kujaza mapengo yaliyoachwa na wakata mbao. Hukua haraka ajabu. Msitu ukipata jeraha, mti ukianguka, msizi ndio wa kwanza kuziba. Leo ukisimama Amani ukatazama bonde la pili, majani mengi membamba yanayometa juu ya mengine ni ya msizi. Nani aliyeufikisha kule, ambako hakuna bwana miti aliyepanda hata mche?

Hondohondo. Yule ndege mkubwa mweusi na mweupe, mwenye jengo juu ya mdomo kama kofia iliyokaa vibaya, ambaye mabawa yake hupiga sauti hata aliye ndani ya nyumba akasikia. Anapenda matunda ya msizi. Anayameza mazima, anaruka, anatua kwingine, anatema mbegu. Wajerumani waliuleta mti, hondohondo akaupanda. Hakutaka mshahara, wala hakuuliza ramani ya shamba inaishia wapi.

Naomba niseme kidogo zaidi juu ya ndege huyu, maana yeye ndiye aliyenirudisha Amani nikiwa mtu mzima. Wakati wa kuzaa ukifika, jike huingia katika tundu la mti mrefu na kujifungia humo. Hajifungii kwa mlango. Anaukandika mlango kwa udongo hadi unabaki ufa mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Udongo unaletwa na dume. Anaumeza huko chini, anapanda nao, anautapika vidonge vidonge, naye mkewe ndani anaupokea na kuupaka. Kuanzia hapo jike, na baadaye kinda, wanaishi kwa kinachopita kwenye ufa ule. Imewahi kukadiriwa kwamba dume mmoja, katika siku 120 za ulezi, alikwenda kiotani mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000. Fanyeni hesabu: safari kumi na tatu kwa siku, matunda kumi na tano kila safari, yote kayabeba kooni. Akifika huyatoa moja moja, akiyapitisha ufani kama mtu anayehesabu chenji dirishani.

Mara ya kwanza nilipokaa chini ya kiota cha namna hiyo nilikuwa na kijana mwenyeji wa pale. Nilikaa dakika ishirini, nikaanza kutapatapa, nikauliza kama tumepotea. Akaniambia, "Mzee, kaa. Hajaja." Tukakaa. Siafu wakaja kabla ya ndege. Baada ya saa nzima nikasikia upepo ukichanwa juu yetu, dume akatua, akageuza kichwa kututazama kwa jicho moja, kisha akaanza kutoa matunda. Nilihesabu kumi na mawili, kijana yule akasema kumi na manne. Ninamwamini yeye, mimi miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Kukaa kule kuna historia, na kwa maoni yangu ndiyo historia bora ya shamba lile. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza mmoja, Reginald Moreau. Hakuwa mwanasayansi kwa kusomea. Alikuwa mtu wa hesabu za ofisi huko Misri, mgonjwa wa viungo, aliyependa ndege. Alikaa Amani hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred walitaka kujua mambo ambayo hayajibiwi kwa bunduki wala kwa makumbusho: ndege huatamia siku ngapi, hulisha mara ngapi kwa saa, nani analisha zaidi, mume au mke. Maswali hayo yanajibiwa kwa kukaa tu. Basi wakakaliwa ndege wale, tangu alfajiri hadi magharibi, na waliokaa kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kwetu, kila ziara ya kiotani ikiandikwa na saa yake. Mmoja wao ni Salimu Asmani, ambaye Moreau mwenyewe alimtaja katika maandishi yake.

Kuna bundi wa Usambara ambaye jina lake la kisayansi, alilopewa mwaka 1908, linamkumbuka Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Amani enzi za Mjerumani. Kuna ndege mdogo wa jamii ya wale washonao majani, mwenye mdomo mrefu kuliko haki yake, anayejificha kwenye mitambaazi ya ukingoni mwa msitu; yeye tangu 1931 ana jina la Moreau. Kule Uluguru kuna ndege wa Winifred. Jina la Salimu unalikuta ndani ya kurasa, kwa aliye na subira ya kufungua kurasa. Silalamiki sana. Nasema tu kwamba mtoto wa Muheza anayeambiwa kuwa kutazama ndege ni mambo ya Wazungu amedanganywa, na aliyemdanganya huenda ni mwalimu wake, kama mimi nilivyowahi kuwadanganya wangu.

Tuje kwenye misimu, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea. Watu husema, "Nitakwenda Amani mvua zikiisha." Mimi nawaambia nendeni mvua zikianza.

Amani hunyeshewa kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na ninyi wa Tanga mjini hamna budi kuishukuru mvua hiyo, kwa sababu Mto Zigi unaotoka kule ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo iliyo kwenye glasi zenu hapo mezani. Masika yakishika, barabara ya mlimani inakuwa uji. Ukifika, umefika kweli. Na usiku wake haufanani na usiku wowote.

Chukueni tochi, mvae buti, msizungumze. Tochi ishikeni karibu na jicho, usawa wa sikio, ili mwanga uende njia moja na macho. Mulikeni matawi membamba ya pembeni mwa njia, yale ambayo nyoka hawezi kuyapanda bila kuyatikisa. Hapo ndipo kinyonga analala. Mchana ungempita mara mia usimwone, kwa kuwa amevaa rangi ya jani. Usiku akilala rangi humtoka, akawa mweupe kama ndizi iliyomenywa, mkia umeviringwa kama kamani ya saa. Mwenye bahati atamwona dume mwenye pembe tatu usoni, kama kifaru aliyeongezewa. Huyo jina lake la kisayansi limetokana na Derema, jirani kabisa na Amani. Najua wengi wetu tumelelewa tukimwogopa kinyonga, na wengine mlimpiga mawe. Usiku ule chini ya tochi, akiwa amefumba macho, hofu hiyo nilishindwa kuitafuta mahali ilipo. Msimguse. Mkimwamsha atageuka mweusi kwa hasira mbele ya macho yenu, na mtakuwa mmemvurugia usingizi bure.

Halafu zimeni tochi. Kuna sauti itakuja, ting, ting, kama mtu anagonga kijiko kwenye glasi polepole. Ni chura, mdogo kuliko kidole gumba, amekaa juu ya jani baada ya mvua. Vyura tuliowazoea hutaga majini, viluwiluwi vikaogelea, mkia ukapotea. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni na ndivyo ninavyofundisha. Huyu wa Amani hajasoma kitabu hicho. Jike lake hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, kila mmoja mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Hana haja ya dimbwi. Wanabiolojia wamekuwa wakija kutoka mbali kumtazama, na wanaopita njia ile kila siku kwenda kuchuma chai hudhani ni mdudu.

Kipupwe nitakipita upesi kwa sababu chenyewe hakipendi kuonekana. Juni hadi Agosti ni ukungu na baridi. Ndege wengi hunyamaza. Lakini ni miezi mizuri ya kutembea chini Zigi badala ya juu, kwa sababu wako ndege wa milima ya juu ambao baridi huwashusha. Mmoja ni mdogo, kifua cha manjano, na mbele ya kila jicho ana kidoa cheupe kama aliyepakwa chokaa. Tumezoea kusema ndege wahamao ni wale wavukao bahari. Huyu anahama kwa kushuka kilima, kama wazee wetu waliokuwa wakishuka Muheza kukaa kwa watoto hadi baridi ipungue.

Demani ikiingia msitu unarudi sauti. Septemba hadi Desemba ndiyo miezi ambayo ndege wengi wa msituni wanajenga. Na hapa Moreau aliuliza swali ambalo bado halijalala. Ndege mdogo wa msitu wetu mara nyingi hutaga mayai mawili. Jamaa zake wa Ulaya hutaga manne, matano, hata zaidi. Kwa nini, wakati sisi ndio wenye joto na wadudu mwaka mzima? Mwaka 1944 alichapisha makala ndefu juu ya suala hilo, na mabishano yakaendelea baada yake: wengine wakasema ni urefu wa siku za kiangazi cha kaskazini, mzazi ana muda mwingi wa kulisha, wengine chakula, wengine nyoka na nyani wanaopora viota. Ninalipenda swali lenyewe kuliko majibu. Lilitoka Amani, kwenye madaftari ya watu waliokaa chini ya viota wakihesabu moja, mbili, basi.

Niiache misimu kidogo. Kwa wenye watoto, msiwapandishe mlima kabla hawajatazama mlimau wa uani. Tafuteni juu ya jani changa kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Si kinyesi, ni kiwavi. Baada ya siku chache anajivua, anakuwa kijani. Mguseni kidogo kwa ujiti: kichwani kitachomoza kijipembe laini cha rangi ya chungwa, na harufu kali itawapiga. Atakula, atanenepa, halafu atajifunga kwenye kitawi na kutulia. Hatua hiyo wataalamu huiita pupa, ingawa hakuna kiumbe asiye na pupa kama yeye. Siku moja asubuhi atatoka kipepeo mkubwa, mweusi na manjano.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wanavijiji wa Usambara Mashariki walifanya kazi ya kulea vipepeo kwa kipato. Banda la neti, ndani yake kipepeo jike na mmea ambao watoto wake hula, kwa maana kila aina ina mmea wake na hata ikilala njaa haikubali mwingine. Mayai, viwavi, pupa. Pupa zikafungwa kwenye pamba na kupandishwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, zitoke mabawa huko. Mwenye banda alilazimika kupanda miti ya asili ili viwavi wapate chakula, na hilo halikuhitaji mkutano wa hamasa. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na kipepeo akaingia kwenye zuio lile pamoja na twiga. Sababu za kuwalinda wanyama nazielewa. Lakini kuna wakulima waliokwisha kupoteza iliki zao pale ushoroba wa Derema ulipofanywa hifadhi, wakaambiwa watafute shughuli rafiki kwa msitu, wakaipata, nayo ikafungwa. Anayewaambia watu hao wapende msitu aanze kwa kuwasalimia vizuri.

Nimalizie na vuli, na wageni wake. Kuanzia Septemba hivi, mbayuwayu wa Ulaya na Asia hufika Afrika Mashariki, gramu ishirini kila mmoja, wakiwa wamevuka jangwa. Moreau alipostaafu aliandika kitabu juu ya safari hizi, kikatoka 1972 wakati yeye amekwisha kufa. Alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka kutoka kaskazini. Waliokuja baada yake wamehesabu upya, wakapunguza hadi chini ya nusu. Hata nusu yake ni umati. Wanakaa nasi hadi Aprili, wakila wadudu juu ya mashamba ya chai na juu ya stendi zetu za mabasi, kisha wanaondoka bila kuaga.

Mimi nina daftari ambalo kwa miaka kumi na mmoja sasa naandika siku ninayomwona mbayuwayu wa kwanza. Nilijivunia sana daftari hilo, nikalipeleka hata shuleni. Mwaka jana nilikuwa Muheza nasubiri gari la Amani, nimeinama naangalia simu kama ilivyo desturi yetu siku hizi. Muuza mkaa aliyekuwa pembeni yangu akanigusa bega kwa mkono wake mweusi, akaelekeza kidevu juu kwenye waya wa umeme. Walikuwa saba. Nikatoa daftari haraka niandike tarehe. Akaniangalia, akasema, "Hao wa leo? Wa kwanza alikuja juzi."